Mayai ya Pasaka kwa rangi za jikoni: maganda ya vitunguu, manjano, kabichi au choya?

Maelekezo mengi ya kutia mayai rangi kwa vitu vya jikoni yameandikwa na watu ambao yai la dukani kwao ni jeupe. Wewe wa Nyegezi au Igoma, hapa Mwanza, ukiagiza trei, unaletewa mayai 30 ya kahawia, ya kuku wa kisasa. Fuata maelekezo yale kama yalivyo, utaamka Jumapili ya Pasaka na mayai yaleyale ya kahawia, ila sasa yananuka kabichi.

Najua kwa sababu yalinikuta. Mwaka wa kwanza niliropoka mbele ya akina mama wa jumuiya kwamba watoto wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto wa Kanisa Katoliki, wa kigango chetu watapata mayai ya rangi, kila mtoto na lake, tena bila rangi za unga za dukani, maana mtoto wa miaka minne hamenyi yai bila kulamba vidole. Nikanunua bitiruti kama za kulisha harusi, nikazichemsha, nikaloweka mayai usiku kucha. Asubuhi mama mmoja mtu mzima akafunua beseni, akalitazama, akanitazama na mimi. "Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, "rangi yenyewe utaweka saa ngapi?"

Tangu hapo kila Kwaresima naharibu mayai kadhaa kwa makusudi. Napanga vikombe mezani, kila kikombe na maji yake ya rangi, kila kimoja na yai moja la kisasa na moja la kienyeji, halafu natazama nini kimetoka. Nimejifunza kwamba ukichagua rangi kabla ya kuchagua yai, siki yako umeimwaga bure.

Tuanze na yai

Ganda la yai ni jamaa wa chaki na chokaa. Ule ukahawia wa yai la kisasa kuku anaupaka mwishoni, yai likiwa limekaribia kutoka. Vunja moja utazame ndani ya ganda: ni jeupe au karibu na jeupe. Kwa hiyo unapoweka njano juu ya yai la kahawia ni sawa na kupaka ukuta wa udongo chokaa nyepesi, udongo utachungulia tu. Bluu juu ya kahawia haiwi bluu. Waridi juu ya kahawia haionekani kabisa.

Mayai ya kienyeji ni habari nyingine. Kwenye trei moja utakuta la rangi ya samli, la rangi ya maziwa, na jeupe kabisa moja au mawili. Bei yake iko juu ya kisasa, na kwa watoto sitini mfuko hauruhusu. Mimi nanunua trei mbili za kisasa kwa ajili ya kapu la watoto, na kumi ya kienyeji, niliyoyachagua moja moja kwa macho, kwa ajili ya rangi zinazohitaji weupe. Ukipata ya bata ni mazuri zaidi, makubwa na meupe, au yenye ukijani kidogo, ingawa watoto wengine hawayali.

Kama huna la kienyeji na umeng'ang'ania weupe, ipo njia, lakini inahitaji subira. Mimina siki nyeupe kwenye kikombe, tumbukiza yai bichi. Papo hapo ganda linavaa vipovu vidogo kama vya soda. Hiyo ni siki inakula chokaa. Ngoja dakika tano, toa yai, lisugue kwa kidole gumba chini ya maji. Ukahawia unatoka kama tope laini na kidole kinaacha njia nyeupe nyuma yake. Rudisha, ngoja, sugua tena. Yai linabaki na mawingu, halipati weupe wa karatasi, ila rangi itashika. Ukizidisha, ganda linakuwa jembamba na litapasuka kwenye moto. Kwa yai moja la maonyesho sawa. Kwa trei nzima, hapana, utalala saa nane.

Yai lolote lile, lioshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, hasa la kienyeji lenye alama za kiota. Penye mafuta ya mkono rangi haishiki, utaona baka lenye umbo la kidole chako.

Maganda ya vitunguu

Kwa Mwanza hii ndiyo rangi ya kwanza, na sijali nani atanibishia. Haidai yai jeupe, haidai friji, na haina gharama.

Ukienda sokoni Kirumba jioni, chini ya meza za wauza vitunguu kuna lundo la maganda makavu yanayosubiri ufagio. Mara ya kwanza nilipoomba, kaka muuzaji alicheka. "Dada, maganda? Si uchukue na kitunguu basi." Nilipomweleza ni ya mayai akazidi kucheka, lakini akanijazia nusu kiroba na kusema nimemsaidia kufagia. Sasa ikifika Kwaresima ananiwekea bila kuombwa. Vitunguu vyetu vingi ni vile vyekundu, na maganda yake yanatoa rangi nzito.

Kwa sufuria ya lita mbili naweka konzi tano za maganda makavu, nikizishindilia, ambayo ni kama vitunguu ishirini. Nachukua lile ganda la juu tu linalolia kama karatasi. Nyama ya kitunguu haina kazi hapa. Yachemke nusu saa, mpaka maji yawe kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Chuja, acha yapoe, ongeza vijiko vitatu vya siki, panga mayai mabichi ndani yafunikwe na maji, kisha rudisha motoni taratibu. Mayai ya baridi ukiyatumbukiza kwenye maji yanayotokota yatapasuka, nawe utapata supu ya mayai yenye harufu ya kitunguu.

Kwenye muda usiige maelekezo ya watu wa pwani wala ya Ulaya. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Yai la dakika kumi la Dar es Salaam huku lipe 12 au 13 tangu maji yaanze kuchemka. Halafu zima moto uyaache humohumo nusu saa nyingine. Hapo ndipo rangi inapozama.

Yai la kisasa linatoka damu ya mzee. Siyo wekundu wa bendera, ni ule wa tofali lililoiva tanuruni, na ukahawia wa chini unausaidia badala ya kuupinga. Ukilisugua na kitambaa chenye tone la mafuta ya alizeti linang'aa kama kiti cha mninga. La kienyeji jeupe linatoka rangi ya kutu, na ukilitoa mapema sana linakuwa na ukijani usioeleweka. Kwa hiyo hapa yai la bei nafuu ndilo linalopendeza zaidi, jambo ambalo hutalikuta kwenye rangi nyingine yoyote nitakayoitaja, isipokuwa choya, yale maua mekundu ya juisi, kidogo.

Sababu ni kwamba ndani ya ganda la kitunguu kuna kitu wanakemia wanakiita kwesetini, na hicho hakiogopi moto. Rangi nyingi za jikoni zikichemshwa sana zinakufa. Hii inachemka pamoja na yai na kushikana nalo. Waorthodoksi, ambao wana jimbo lao linaloitwa la Mwanza, wanalijua hili muda mrefu: kwa mapokeo ya Kigiriki yai la Pasaka ni jekundu, kwa ajili ya damu ya Kristo, linatiwa rangi Alhamisi Kuu, na akina mama wengi wa Ugiriki wanatumia maganda ya vitunguu na siki hivihivi.

Juu ya maganda unaweza kuchora kwa majani, na hapa ndipo watoto wanaponishinda kwa uhodari. Chukua jani la giligilani, au tawi dogo la mlonge, lilowanishe, lilaze juu ya yai bichi mpaka lilale kabisa bila ncha kuinuka. Funga yai kwa kipande cha stokingi ya mtumba, kivute kibane, kaza kwa uzi nyuma, kisha chemsha kama kawaida. Ukikata uzi na kubandua jani, unakuta umbo lake lote, mpaka mishipa, kwa ule ukahawia mpauko wa yai katikati ya damu ya mzee. Stokingi moja ya pale soko la Mlango Mmoja inatosha mayai kumi na mbili. Kuna mama aliniletea kipande cha chandarua kizee akidhani ni kilekile. Hapana. Vyandarua vile vimetiwa dawa ya kuua mbu na huwezi kukichemsha pamoja na kitu kinacholiwa.

Kosa lingine, hili nililifanya mwenyewe: nilichemshia kwenye debe lenye kutu kwa sababu sufuria zote zilikuwa na pilau. Chuma kikikutana na maji haya rangi inakuwa kijivu cheusi, kama masizi yaliyolowa. Tumia sufuria ya kawaida au ya enameli isiyobanduka.

Manjano

Manjano iko kila duka la mtaani, na kazi yake ni ya haraka. Vijiko vitatu vya chakula kwa lita ya maji, chemsha dakika kumi na tano, siki vijiko viwili, mayai ndani. Yai la kienyeji jeupe linakuwa la njano kama ua la alizeti, njano ambayo hata rangi ya dukani haiishindi. La kisasa linakuwa dhahabu iliyochoka, kati ya haradali na ngozi ya ndizi iliyoiva sana. Si baya. Ukiliweka peke yake mtu atasema kuku ndivyo alivyotaga. Ukiliweka kando ya damu ya mzee, linaonekana kweli ni la njano.

Shida yake ni unga. Manjano haiyeyuki vizuri kwenye maji, inaelea na kutuama, na punje zikilala juu ya yai zinaacha madoadoa. Chuja kwa kitambaa, si kwa chujio la chai, tena mara mbili. Shida ya pili ni madoa kwenye kila kitu: beseni la plastiki, mwiko, kanga. Ukidondosha kwenye kanga fua kisha anika juani, jua linaifuta manjano polepole. Kwa sababu hiyohiyo usiyaweke mayai haya dirishani kama pambo, yatapauka.

Halafu kuna kichekesho chake. Mtoto aliyeshika maji ya manjano akienda kunawa kwa sabuni ya kipande, viganja vinageuka vyekundu. Mwaka juzi mama mmoja alipiga ukelele akidhani mwanawe amejikata. Ni ile rangi ya ndani ya manjano, kurkumini, ambayo ikikutana na sabuni au magadi inakuwa nyekundu, na ukikamulia ndimu inarudi njano. Baada ya mshtuko ule tukaanza kuitumia: yai likishakauka na njano yake, chukua kijiti cha pamba ya masikio, kichovye kwenye maji ya magadi yale ya kupikia maharage, chora. Mstari unatoka wa rangi ya kutu mbele ya macho ya mtoto. Kwenye mayai ya vitunguu fanya kinyume chake, chora kwa ndimu au siki, ambayo inakula rangi na kuacha mstari mpauko.

Bluu: kabichi au choya?

Hizi mbili nazilinganisha pamoja kwa sababu ni ndugu, na zote mbili ni waongo. Maji ya kabichi nyekundu ni ya zambarau. Maji ya choya ni mekundu kama divai. Mtoto anatumbukiza yai akitegemea zambarau na jekundu, anatoa la bluu na la kijivu. Rangi zote mbili ni za ukoo wa anthosianini, ambazo kwenye uchachu ni nyekundu na kwenye chokaa zinageuka bluu. Na ganda, tulishasema, ni chokaa.

Kabichi inataka mambo mengi. Kwanza uipate: magenge ya mtaani hayana, unaifuata masoko makubwa au supamaketi, na wiki ya Pasaka wakati mwingine haipo. Nusu kabichi iliyokatwakatwa, lita moja na nusu ya maji, nusu saa motoni, chuja, acha ipoe kabisa, weka siki kijiko kimoja kwa kila kikombe cha maji. Mayai yawe yameshachemshwa pembeni. Yalale humo kwenye friji usiku mzima. Saa moja haitoshi, utapata bluu ya maziwa yaliyotiwa maji.

Lakini yakilala, na kama ni meupe, asubuhi unatoa kitu ambacho hakuna kiungo kingine cha jikoni kinachokupa: bluu yenyewe, ile ya ziwa kabla upepo haujaamka. Lazima niwe mkweli, mwaka wa kwanza nilipoipata nilimwamsha mume wangu aje aone. Kwa yai la kisasa sahau. Linatoka kijani kilichochanganyika na kijivu, kama maji ya ufukweni penye magugumaji. Wapo wanaoipenda hiyo, mimi simo. Ukitaka kijani cha kueleweka, chukua yai jeupe, lipitishe kwenye manjano kwanza, likauke, ndipo ulilaze kwenye kabichi kwa saa chache.

Choya haina makuu. Wauza viungo wanayo kavu, kila siku. Konzi mbili kwa lita ya maji ya moto, ifunike ipoe, chuja. Usiweke siki, choya yenyewe ni chachu ya kutosha. Tumbukiza yai lililokwisha kuchemshwa, vipovu vinaanza papo hapo, na ndani ya dakika ishirini limeshakuwa jeusijeusi. Lifikishe saa moja, si zaidi, maana uchachu ukiendelea kula ganda rangi inabanduka pamoja nalo.

Namna ya kulitoa ndiyo siri. Lina utando mlaini juu, ukiligusa unatoka wote kama lami na kuacha baka jeupe. Litoe kwa kijiko, liweke juu ya kifuniko cha soda kilichopinduliwa, kisha ondoka. Likikauka lenyewe linabaki na kijivu cha kuelekea bluu, na mabaka, na michirizi, na hakuna mawili yanayofanana. Panga matano kwenye sahani yenye mchanga kidogo, una majabali ya Mwanza mezani. Watoto wetu wenyewe ndio walioanza kulitafuta lile linalofanana na Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani. Na kwa vile rangi ni nzito, yai la kisasa na la kienyeji yanakaribiana, tofauti lazima uitafute.

Kwa bei, kwa upatikanaji na kwa muda, choya inaishinda kabichi. Kwa uzuri wa rangi peke yake, kabichi. Mimi natengeneza kabichi kwa mayai sita tu ya kienyeji, yale ya meza ya nyumbani, na choya kwa mengine.

Zilizobaki

Bitiruti: usijisumbue. Wekundu wake si wa ukoo wa kabichi wala wa kitunguu, ni betalaini, na moto unaiharibu. Ukiichemsha na yai unapata ukahawia wa mashaka. Ukiloweka yai jeupe kwenye maji yake ya baridi yenye siki usiku mzima unapata waridi nzuri kidogo, ambayo nayo inafifia. Kula bitiruti yako.

Mchicha, hata usianze. Ukijani wake haukubali kutoka kwenda kwenye maji ukashika ganda.

Chai na kahawa zinatoa kahawia, na yai lako tayari ni la kahawia. Ila chai ya rangi ina njia yake moja ambayo haijali kabisa ganda lina rangi gani, Wachina ndio wenyewe. Chemsha mayai dakika nane, yatoe, yagongegonge na mgongo wa kijiko kila upande mpaka ganda lijae nyufa bila kubanduka. Yarudishe kwenye chai nzito yenye chumvi, kijiti cha mdalasini na karafuu mbili, yachemke taratibu nusu saa, kisha yalale kwenye friji ndani ya chai hiyo. Siku ya pili ukimenya, juu ya ute mweupe kuna wavu wa mistari ya kahawia kama tope lililokauka kiangazi. Kwa kapu la watoto hayapendezi, kwa nje yanaonekana yamevunjika tu. Kwa watu wazima wanaokula yai na chumvi baada ya ibada, hayo ndiyo yanayoisha mapema, maana yana ladha.

Sasa uchague nini?

Kama una trei za kisasa na watoto wengi, na umeme wa mtaani kwenu hauna uhakika, chukua vitunguu na manjano, basi. Zote mbili zinakwenda na moto, yai linaiva na kupata rangi kwa pamoja, na jioni moja inatosha kwa trei mbili. Jiko la mkaa linafaa kuliko gesi kwa kazi hii, kwa sababu moto wake mpole wa mwisho ndio unaotaka. Damu ya mzee na dhahabu kwenye kapu moja lenye majani mabichi hazihitaji rangi ya tatu.

Ukiwa na watoto watatu wanne wa nyumbani, na friji, na Ijumaa Kuu mchana hamna pa kwenda, ingia kabichi. Raha yake iko kwenye kusubiri na kwenye kubahatisha, na mtoto wa darasa la nne ataelewa habari ya uchachu na chokaa kwa yai kuliko kwa ubao. Choya nayo ni ya mtu aliyechelewa: Jumamosi Kuu saa kumi jioni, huna maganda, huna kabichi, bado una nafasi ya kufika mkesha na mayai ya rangi.

Umri nao uangalie. Walio chini ya miaka mitano wape manjano iliyokwisha kupoa na nguo za kuchezea. Maji ya vitunguu ya moto waachie wakubwa. Kazi ya wadogo ni kuchagua majani.

Kuhusu kula. Yai la kuchemsha linaharibika upesi kuliko bichi, kwa kuwa ule ulinzi wa juu wa ganda umeshaoshwa. Nje ya friji lisizidi saa mbili, na kwenye friji lisizidi wiki. Maana yake, kulaza mayai kwenye rangi usiku kucha juu ya meza hairuhusiwi, hata kama nyanya yako alifanya. Asiye na friji akitia rangi Jumamosi Kuu jioni na kugawa Jumapili asubuhi, amechelewa tayari. Afadhali aamke saa kumi alfajiri na sufuria ya vitunguu, mayai yatoke motoni yakiwa karibu na safari ya kanisani. Lililopasuka wakati wa kuchemka lisipewe kapu, ni la mpishi na chai yake.

Ukitaka ya pambo yasiyooza, toboa yai bichi juu na chini kwa sindano nene, tundu la chini liwe kubwa kidogo, puliza. Kilichotoka kaanga chipsi mayai. Ganda tupu lisuuze, kisha lichovye kwenye rangi ya baridi, ila litaelea, kwa hiyo ligandamize kwa kijiko maji yaingie ndani. Ninayo mawili ya kabichi ya miaka mitatu sasa, ndani ya kabati, mbali na jua, na bado ni ya bluu.

Maji ya rangi yaliyobaki yanakaa siku kadhaa kwenye friji, unaweza kutia mayai ya Jumatatu ya Pasaka. Yaweke kwenye chupa, na uandike kwenye chupa. Shemeji yangu alifika usiku na kivuko kutoka Sengerema, ana kiu, akafungua friji, akaona chupa ya zambarau imepoa vizuri, akajimiminia glasi nzima akijua ni juisi ya zabibu. Ilikuwa kabichi na siki.